Udongo Uliojiponya: Habari ya Ngano na Ugonjwa wa Twaa-Yote

Kila mtu aliyeshika jembe anajua ya kuwa shamba huchoka. Mwaka wa kwanza mavuno ni mema, mwaka wa pili ni ya kadiri, mwaka wa tatu mtu anaanza kutazama msitu ulio upande wa pili wa mto. Wazee wetu walilaza shamba, ama walihamia mahali pengine, wala hawakuhitaji kitabu cha kuwafundisha jambo hilo. Leo lakini tunataka kuwasimulia habari ya mashamba yaliyokwenda njia nyingine. Yalipandwa mmea ule ule mwaka hata mwaka, yakaugua, yakazidi kuugua, halafu yakapona yenyewe pasipo dawa yo yote. Jambo hili lilionekana mashambani kwanza. Sababu yake ilijulikana baadaye sana, tena kwa kazi ya watu wengi wa nchi mbalimbali.

Mmea tunaousema ni ngano. Wengi wetu tunaijua katika mkate tu, ijapokuwa vilima vya Lubero katika Kivu ya Kaskazini vimekwisha kuiotesha. Ngano ina maadui wengi juu ya ardhi, kama ndege na kutu ya majani. Lakini adui yake mmoja hukaa chini, gizani, wala mkulima hamwoni mpaka mambo yamekwisha kuharibika. Adui huyo ni kuvu, yaani kiumbe cha jamii ya uyoga na ya ule ukungu unaoota juu ya mkate wa kale. Wenye elimu waliiita zamani Ophiobolus graminis; mwaka 1952 wakaipa jina la Gaeumannomyces graminis. Jina ni refu kuliko kiumbe chenyewe.

Kazi yake ni hii. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, hutambaa juu ya mzizi wa ngano. Zikipata nafasi huingia ndani na kuziba mifereji inayopandisha maji. Mzizi huwa mweusi kama makaa. Juu ya ardhi ngano huonekana nzima kwa majuma mengi, maana penye unyevu mizizi michache iliyobaki hutosha. Halafu jua linapozidi na masuke yanapotaka kujaa, mmea hauna tena njia ya kunywa. Masuke hugeuka meupe kabla ya wakati wake, yakasimama wima shambani, mepesi, bila punje. Mtu akiling'oa shina, hutoka bila nguvu, kwa sababu hakuna mizizi ya kulishika.

Wakulima wa Australia ya Kusini waliujua ugonjwa huo tangu katikati ya karne ya 19. Walikuwa wageni katika nchi ile, wamekata miti na kupanda ngano juu ya ngano, na ugonjwa ukawafuata. Wakaupa jina ambalo kwa Kiswahili tungelisema Twaa-Yote. Ni jina la watu waliokwisha kusimama mbele ya shamba zima lililo jeupe na kuhesabu deni lao. Mwaka 1904 Bwana Daniel McAlpine, aliyekuwa mjuzi wa serikali juu ya magonjwa ya mimea katika jimbo la Victoria, aliandika kitabu kidogo juu ya ugonjwa huo na kueleza kwamba mwenye kosa ni kuvu hiyo.

Dawa ya kale ya Twaa-Yote ilikuwa kubadilisha mazao. Kuvu hii ina udhaifu mmoja mkubwa: haiwezi kukaa siku nyingi pasipo ngano, shayiri au majani ya jamii yao. Baada ya mavuno hujificha katika mizizi na mashina yaliyokufa, ikingojea mizizi mipya. Mkulima akipanda maharagwe au viazi mwaka mmoja, kuvu hukaa na njaa na sehemu yake kubwa hufa. Njia nyingine ya hakika haikuwako, na mpaka leo haijapatikana mbegu ya ngano inayoweza kuushinda ugonjwa huo. Dawa za kupaka mbegu zilizotokea baadaye hupunguza hasara tu.

Basi, katika mwaka 1929 Mwingereza mmoja kijana, Bwana Samuel Garrett, alifika Adelaide katika Australia kufanya kazi penye chuo cha kilimo cha Waite. Akapewa Twaa-Yote kuwa kazi yake. Wengine walitazama ugonjwa katika mmea. Yeye alitazama udongo. Aliona ya kuwa kuvu hutembea juu ya mzizi kwa mwendo usio sawa. Penye udongo mwepesi wenye hewa na chokaa hukimbia, na penye udongo mzito ulioshindiliwa huenda polepole. Hapo akaanza kufundisha neno ambalo siku zile lilikuwa jipya: ugonjwa wa mizizi ni shauri la watatu, mmea, kuvu, na udongo pamoja na vyote vilivyo hai ndani yake.

Na vilivyo hai ndani yake si haba. Tunasema udongo kana kwamba ni kitu kilichokufa, kama jiwe lililosagwa. Lakini katika kijiko kimoja cha udongo wa shamba mna mamilioni kwa mamilioni ya bakteria, vile vijidudu vidogo mno ambavyo wenye kusoma Kifaransa huviita mikrobi. Neno hilo huwatia watu hofu, maana hukumbuka kipindupindu na kifua kikuu. Lakini bakteria walio wengi hawana shauri na mwili wetu. Hula majani yaliyooza, hulana wao kwa wao, na wengi hukusanyika karibu na mizizi, kwa kuwa mizizi hutoa utomvu wenye sukari. Tangu mwaka 1904 Mjerumani Lorenz Hiltner alikuwa ameupa jina lake maalum ule udongo mchache unaogusa mizizi, kwa sababu aliona kwamba maisha ya humo si sawa na ya udongo mwingine. Ni kama watoto wanaovyozunguka mahali panapopikwa.

Mwaka 1931, mbali sana na Australia, mabwana wawili wa Edmonton katika Kanada, G. B. Sanford na W. C. Broadfoot, walifanya jaribio ambalo hata mwanafunzi wa shule anaweza kulifahamu. Walichukua udongo na kuupasha moto hata kila kilicho hai ndani yake kikafa. Wakatia ndani yake kuvu ya Twaa-Yote peke yake, wakapanda ngano. Ngano ikaugua vibaya. Wakarudia kazi ile ile, lakini safari hii pamoja na kuvu wakatia bakteria au kuvu nyingine walizozitoa katika udongo. Katika vyungu vingi ngano ikasimama. Jambo la kushangaza zaidi ni hili: hata maji ambamo vijidudu hivyo vilikuwa vimekaa, yakichujwa mpaka visiwemo tena, mara nyingine yaliweza kupunguza ugonjwa. Kwa hiyo vijidudu vilikuwa vimeacha kitu ndani ya maji, kitu kisichopendwa na kuvu. Tukumbuke kwamba mwaka 1931 penisilini haikuwa bado dawa ya kawaida hospitalini. Jambo hilo lilikuja karibu miaka kumi baadaye.

Lakini chungu si shamba. Jaribio lile likakaa vitabuni, na wakulima wakaendelea kubadilisha mazao kama baba zao.

Vita vya 1939 hadi 1945 vilipokwisha, mambo ya kilimo katika Ulaya yaligeuka. Trakta zilikuwa nyingi, mbolea za kiwandani zilikuwa rahisi kupatikana, na dawa za kuua magugu zilitokea. Bei ya nafaka ilikuwa nzuri. Wakulima wengi wa Uingereza wakasema: kwa nini tupande turnipu na majani ya ng'ombe, nasi tunaweza kupanda ngano kila mwaka? Wakaonywa kwamba Twaa-Yote itawatembelea. Ikawatembelea kweli. Mwaka wa pili ugonjwa ulionekana, na mwaka wa tatu au wa nne ulikuwa mbaya kabisa. Wengine walikata tamaa hapo na kurudi katika desturi ya zamani, na hatuwezi kuwalaumu, maana aliye na deni hali nadharia. Wengine waliendelea, ama kwa ukaidi ama kwa kukosa njia nyingine. Nao waliona jambo ambalo halikutazamiwa: kufika mavuno ya tano au ya sita ugonjwa ulianza kupungua wenyewe, na mavuno yakapanda tena. Hayakufikia kimo cha mwaka wa kwanza, lakini yalitosha mtu kuishi.

Kumbe ushahidi ulikuwa karibu siku zote. Kaskazini ya London pako mahali paitwapo Rothamsted, ambapo Bwana John Lawes na Bwana Joseph Gilbert walianza mwaka 1843 kupanda ngano katika shamba moja liitwalo Broadbalk, ili wapime mbolea. Shamba hilo limepandwa ngano hata leo. Kwa fikira za watu, shamba lililopandwa ngano zaidi ya miaka mia lingepaswa kuwa makaburi ya ngano. Lakini Bibi Mary Glynne na wenzake wa Rothamsted, waliotazama magonjwa ya mizizi humo kwa miaka mingi, waliona kwamba Twaa-Yote ilikuwa ndogo penye ngano ya siku zote kuliko penye mashamba ya ngano ya miaka mitatu au minne tu. Mwaka 1964 Bwana Slope na Bwana Cox wa Rothamsted waliandika waziwazi juu ya kupungua kwa Twaa-Yote katika ngano isiyokatizwa. Jambo likawa na jina; sababu ilikuwa bado.

Hapa inatupasa kwenda Uholanzi, na tueleze kwa nini. Waholanzi wana desturi ya kuinyang'anya bahari nchi. Mwaka 1932 walimaliza ukuta wa udongo na mawe, urefu wake kilometa 30 na zaidi, wakaikata ghuba kubwa na bahari. Halafu sehemu kwa sehemu wakazungushia kuta nyingine na kuyatoa maji kwa pampu. Hivyo mwaka 1957 sehemu ya Mashariki ya Flevoland ilitokea juu, tope tupu lililokuwa sakafu ya maji. Udongo huo haukuwa umeona ngano tangu kuumbwa kwake. Kwa mtu anayetaka kujua jinsi udongo unavyojifunza, ulikuwa kama ubao mweusi uliofutwa.

Bwana M. Gerlagh wa Wageningen alifanya kazi yake katika mashamba hayo mapya, akaitoa mwaka 1968. Alionyesha kwamba Twaa-Yote ikiingia katika udongo mpya kama huo hupiga kwa ukali, kwa kuwa haikuti adui. Halafu ngano ikiendelea kupandwa, udongo hupata nguvu ya kuizuia. Akatenga nguvu hizo namna mbili. Ya kwanza ni ya udongo wo wote ulio hai: viumbe vingi hugombania chakula, na kuvu hupata shida kama mgeni katika soko lililojaa. Ya pili ni nguvu maalum, inayozaliwa tu mahali ambapo ngano na ugonjwa wake vimekaa pamoja muda wa kutosha. Maneno hayo mawili yametumika tangu siku ile, na bila hayo kazi iliyofuata isingalifahamika.

Miaka ile ile, katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi ya Marekani, Bwana James Cook alikuwa ameanza kazi ya serikali katika mji wa Pullman tangu mwaka 1965. Kabla ya hapo alikuwa amekaa Adelaide, katika chuo kile kile cha Garrett. Yeye na Bwana P. J. Shipton na mwenzao Sitton waliuliza swali rahisi: kama nguvu imo katika udongo, je, inachukulika? Mahali paitwapo Puyallup waliandaa vipande vya shamba, wakauua udongo wake kwa mvuke wa sumu uitwao methili bromidi. Wakatia kuvu ya ugonjwa. Halafu katika vipande vingine wakachanganya udongo mchache kutoka mashamba yaliyokuwa yamepandwa ngano miaka mingi, na katika vingine udongo wa mahali pengine. Walipotoa habari yao mwaka 1973 jibu lilikuwa wazi: udongo wa mashamba ya kale ya ngano ulikuwa umeichukua nguvu yake pamoja nao.

Mwaka 1976 Bwana Cook na Bwana Albert Rovira wa Adelaide walieleza zaidi. Ndani ya vyungu, sehemu moja ya udongo wa kale katika sehemu mia za udongo mwingine ilitosha, kama chachu kidogo inavyoweza kuumua unga mwingi. Lakini udongo huo ukipashwa moto wenye unyevu wa nyuzi 60 kwa nusu saa, nguvu yake maalum ilikwisha. Chokaa haifi kwa moto wa nyuzi 60, wala chumvi, wala mchanga. Kinachokufa ni kilicho hai. Kwa hiyo mlinzi alikuwa kiumbe, tena kiumbe kisichovumilia joto, na jambo hilo liliwaelekeza kwa bakteria wa namna fulani.

Bakteria hao huitwa Pseudomonas. Baadhi yao, wakiwekwa chini ya taa ya miali ya zambarau isiyoonekana kwa macho, hung'aa kijani na manjano, na kwa hiyo ni rahisi kuwatambua. Wanapenda mizizi na huongezeka upesi. Bwana David Weller alijiunga na kazi ya Pullman, na pamoja na Bwana Cook waliwakusanya bakteria wa mizizi ya ngano, wakawajaribu mmoja mmoja. Aliyepata sifa kuliko wote alipewa namba tu, 2-79. Walimchanganya na gundi, wakampaka juu ya mbegu, wakapanda. Mwaka 1983 waliandika kwamba mbegu zilizopakwa zilizuia Twaa-Yote hata shambani. Kwa mara ya kwanza ilionekana kwamba huenda mkulima atanunua ndani ya mfuko kile ambacho jirani yake alikingojea miaka mitano.

Bibi Linda Thomashow, naye wa Pullman, ndiye aliyetaka kujua silaha ya mlinzi huyo. Kulikuwa na dawa moja ambayo 2-79 huitengeneza, ya ukoo wa fenazini. Je, ndiyo inayoua kuvu, au ni pambo tu? Yeye na Weller waliharibu ndani ya bakteria ile sehemu ya urithi inayotengeneza fenazini, wasiguse kitu kingine. Bakteria wale walikaa juu ya mizizi kama kawaida, lakini ulinzi wao ulipungua sana. Wakirudishiwa urithi wao, ulinzi ulirudi. Hayo yalitolewa mwaka 1988. Miaka miwili baadaye walifanikiwa kuitoa fenazini yenyewe katika mizizi ya ngano. Mambo aliyoyadhani Sanford mbele ya vyungu vyake mwaka 1931 yalikuwa yameshikwa mkononi.

Hapo mtu angedhani ya kuwa hadithi imekwisha. Lakini shamba lina werevu wake. Mbegu zilizopakwa 2-79 zilifanya vizuri mwaka mmoja, na mwaka mwingine hazikufanya lo lote. Udongo wa mahali pamoja ulimpenda, wa mahali pengine ulimkataa. Na walipochunguza tena mashamba ya kale, yale yaliyojiponya yenyewe, walikuta kwamba mlinzi wa humo hakuwa 2-79.

Bwana Jos Raaijmakers, Mholanzi aliyefanya kazi na Weller na Thomashow, aliwahesabu bakteria wa mizizi katika mashamba mbalimbali. Mwaka 1997 na 1998 wakatoa jibu. Katika mashamba yaliyopona walikuwamo kwa wingi bakteria wa Pseudomonas wanaotengeneza dawa nyingine, ambayo wenye elimu huifupisha kwa herufi DAPG. Idadi yao ilifika elfu mia (100.000) au zaidi katika gramu moja ya mizizi. Katika mashamba yasiyo na nguvu walikuwa wachache kuliko hapo, au hawakuonekana kabisa. Bakteria hao wakiondolewa katika udongo, nguvu ilipotea. Wakitiwa katika udongo dhaifu, nguvu ilikuja. Mwaka 2003 watu wa Uholanzi walikuta bakteria wa dawa hiyo hiyo katika mashamba yao. Kabla ya hapo, huko Morens katika Uswisi, ambako mashamba mengine ya tumbaku yalijulikana kwamba hayaugui kuoza kwa mizizi, Bwana Geneviève Défago asisomwe kuwa mwanamume: ni Bibi, naye na wenzake walikuwa wamepata tangu miaka ya 1980 bakteria wa namna hiyo anayetengeneza DAPG.

Kwa nini basi walinzi hao huchelewa miaka mitano? Jambo hili ndilo lililotufanya tuandike habari hii. Kuvu inapoujeruhi mzizi, utomvu humwagika, na bakteria hao huja kula penye jeraha. Wanaongezeka kwa chakula ambacho ugonjwa wenyewe umewapa. Mwaka baada ya mwaka, penye mizizi mingi yenye ugonjwa, jeshi lao hukua, mpaka siku moja idadi yao hutosha kuizuia kuvu isiende mbele. Mahali pasipo na ugonjwa hakuna jeshi. Ile miaka mitatu au minne ya masuke meupe, ambayo iliwafukuza wakulima wengine, ndiyo iliyokuwa ikiwalisha walinzi chini ya miguu yao.

Hapo pia tunafahamu fumbo moja la zamani. Mkulima anayebadilisha mazao huiua kuvu kwa njaa, lakini walinzi nao hupungua. Ngano inaporudi mwaka baada ya mwaka, ugonjwa unaweza kupanda tena kabla ya walinzi kukusanyika. Njia mbili hizo, ile ya kubadilisha na ile ya kuendelea, ni za kweli zote mbili. Aliye katikati, anayebadilisha leo na kuacha kesho, ndiye anayepigwa kuliko wote.

Ile methili bromidi iliyotumika Puyallup ina habari yake. Wakulima wengi wa nyanya na stroberi waliitumia miaka mingi kuusafisha udongo, na kweli huua kuvu. Lakini huua na wengine wote, kisha wa kwanza kuingia katika nyumba tupu ndiye anayejitawalia. Tena mvuke wake hupanda juu na kuharibu ile hewa ya ozoni inayotukinga na jua. Kwa sababu hiyo ilitiwa mwaka 1992 katika mapatano ya Montreal ya 1987, na matumizi yake ya kawaida mashambani yalipaswa kukomeshwa mwaka 2005 katika nchi za viwanda na 2015 katika nchi nyingine. Ilipoondoka, watu wengi zaidi wakaanza kuuliza habari za bakteria.

Je, dawa za bakteria zinauzwa? Zinauzwa. Katika Sweden tangu mwaka 1997 iliuzwa dawa ya mbegu za shayiri iitwayo Cedomon, yenye Pseudomonas waliowekwa katika mafuta. Lakini walinzi wa namna hii hufa upesi wakikaushwa, na hilo ndilo shida ya mfanyabiashara. Kwa hiyo sehemu kubwa ya chupa na mifuko inayouzwa ina bakteria wengine, Bacillus subtilis na ndugu zake. Hao wana desturi ya kujifunga ndani ya ganda gumu na kulala usingizi, wakivumilia joto na ukavu miezi mingi, halafu huamka wakipata maji na chakula. Mbegu za pamba za Marekani zilianza kupakwa bakteria hao mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sisi tunasema: mwenye kuuzia watu chupa na aulizwe kwanza ni bakteria gani, wa ugonjwa gani, na chupa imekaa wapi tangu kutoka kiwandani. Chupa iliyokaa juani miezi mitatu penye gari la mizigo huenda ina maji tu.

Mwaka 2011 Raaijmakers na wenzake, pamoja na Mbrazili Rodrigo Mendes, waliutazama udongo wa Uholanzi unaozuia kuoza kwa mizizi ya biti za sukari. Kwa vyombo vipya walihesabu aina zaidi ya 33.000 za bakteria na viumbe wanaofanana nao karibu na mizizi. Hawakumkuta shujaa mmoja, bali kundi la jamii mbalimbali waliokuwa wengi zaidi penye udongo wenye nguvu.

Msomaji wa Kivu, wa Burundi au wa Rwanda atatuuliza hapa: basi nami nipande maharagwe juu ya maharagwe, nikingoja udongo wangu upone? Tunamjibu: la. Kupona kwa namna hii kumeonekana katika magonjwa machache tu, na Twaa-Yote ya ngano ndiyo inayojulikana vizuri. Kuoza kwa mizizi ya maharagwe katika vilima vyetu huletwa na viumbe wengine, hasa wale waitwao Pythium na Fusarium. Kulizidi sana kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, watu walipokuwa wengi, mashamba yakawa madogo, na hakuna tena nafasi ya kuyalaza. Huko maharagwe juu ya maharagwe yaliongeza ugonjwa, na udongo uliopungukiwa na mbolea haukuwa na cha kuwalisha walinzi. Tena Mwingereza wa mwaka 1960 aliyepoteza mavuno matatu alikuwa na benki. Mama wa Walungu akipoteza mavuno mawili, watoto hawana chakula.

Kwa hiyo njia ya huku ilikuwa nyingine. Katika Rwanda wakulima wengi waliacha maharagwe mafupi wakashika yale yanayopanda miti, kwa kuwa baadhi ya aina zake zilistahimili kuoza kwa mizizi na kuzaa zaidi penye shamba dogo. Penye udongo mwembamba walifundishwa kuinua matuta ili maji yasisimame, na kufukia majani mabichi na samadi kabla ya kupanda. Majani hayo hulisha mmea, na kabla ya mmea hulisha vijidudu vya kila namna, ile nguvu ya kwanza ya Bwana Gerlagh, ya soko lililojaa.